Kupima Uzito wa Gari na Kitovu Chake cha Uzito kwa Vifaa vya Gharama Nafuu

Gari lililobadilishwa injini, likaongezwa keria juu ya paa, likawekewa betri nzito au likajengwa upya kutoka kwenye fremu tupu, halifanani tena na takwimu zilizoandikwa kwenye kitabu chake. Uzito wake umebadilika, na, jambo ambalo wengi hulisahau, mahali uzito huo ulipojikusanya pamebadilika pia. Breki, springi, matairi na uwezo wa gari kukata kona bila kupinduka vyote hutegemea mambo hayo mawili. Habari njema ni kwamba yanaweza kupimwa bila karakana ya kisasa, kwa mbao, nondo, jeki, mizani moja au mbili na uvumilivu mwingi. Vifaa hivyo si ghali. Panapohitaji umakini ni katika namna ya kuvitumia, na hasa wakati wa kutafuta kimo cha kitovu cha uzito, kipimo ambacho makosa madogo hukiharibu kabisa.

Kitovu cha uzito ni ile nukta ambayo tungeweza kuichukulia kana kwamba uzito wote wa gari umekusanyika hapo. Ili kuijua tunahitaji kujua iko umbali gani nyuma ya ekseli ya mbele, iko kushoto au kulia kwa kiasi gani kutoka mstari wa katikati, na iko juu kiasi gani kutoka ardhini. Majibu mawili ya kwanza hupatikana kwa kujumlisha na kugawanya tu, baada ya kupima uzito unaobebwa na kila gurudumu. Jibu la tatu halipatikani gari likiwa limesimama tambarare, hata mizani ikiwa bora namna gani. Lazima gari liinamishwe.

Kuchagua mizani

Mizani ya daraja, ile inayopima malori, ndiyo njia ya haraka ya kujua uzito wote. Pima gari zima, kisha pima magurudumu ya mbele peke yake juu ya jukwaa huku ya nyuma yakiwa nje, kisha ya nyuma peke yake. Jumla ya vipimo viwili vya mwisho inapaswa kukaribiana sana na kipimo cha kwanza. Zikitofautiana, huenda ardhi ya nje haiko usawa mmoja na jukwaa, au breki ilikuwa imefungwa. Mizani hizi mara nyingi husoma kwa hatua za kilo 10 au 20. Kwa kujua jumla, hiyo inatosha. Kwa kimo cha kitovu cha uzito haifai hata kidogo, na sababu itaonekana wazi kwenye hesabu.

Njia ninayoipendekeza ni wenzo, yaani boriti inayoegemea kwenye ncha moja na kuipa mizani sehemu tu ya uzito, pamoja na mizani ya jukwaa dogo, ya aina inayotumika kupimia magunia, yenye uwezo wa kilo 150 au zaidi na inayosoma kwa hatua za gramu 100 au chini yake. Mizani ya kielektroniki ya kupimia uzito wa mtu nyumbani inaweza kutumika pia, lakini ina kasoro moja inayosumbua: hujizima yenyewe baada ya sekunde chache, na ikiwashwa huku imebeba mzigo huweza kuuhesabu mzigo huo kuwa sifuri. Ukiitumia, iwashe kwanza gurudumu likiwa limeinuliwa, ndipo ulishushe taratibu kwa jeki. Mizani ya mshale haijizimi, ila hatua zake za nusu kilo au kilo nzima huwa kubwa mno zikishazidishwa na uwiano wa wenzo.

Jeki ya haidroliki iliyofungwa geji ya presha nayo hupima: presha ikizidishwa kwa eneo la pistoni hutoa nguvu. Pistoni ya kipenyo cha milimita 30 iliyobeba kilo 300 huonyesha takribani ba 41.6. Tatizo ni msuguano wa sili, ambao huifanya geji isome juu zaidi wakati wa kupandisha na chini zaidi wakati wa kushusha. Chukua wastani wa masomo hayo mawili. Ama ile njia ya kupaka rangi chini ya tairi, kupima eneo la alama inayobaki na kulizidisha kwa presha ya upepo, hutoa makadirio tu, kwa sababu kuta za tairi nazo hubeba sehemu ya mzigo.

Kutengeneza wenzo

Chukua boriti mbili za mbao ngumu zisizo na ufa wala fundo kubwa, kila moja ikiwa na unene wa sentimita 5, kimo cha sentimita 10 na urefu wa kama sentimita 140. Zisimamishe kwa ubavu wake mwembamba, ziachane kidogo, kisha ziunganishe kwa vipande vya mbao ili upana wote ufikie kama sentimita 30. Boriti hizi zinatosha kwa gari dogo ambalo gurudumu moja hubeba hadi kama kilo 400. Kwa gari zito zaidi, tumia chuma.

Upande wa chini, weka nondo ya milimita 12 karibu na ncha moja. Hilo ndilo egemeo, na litakaa juu ya gogo imara. Weka nondo nyingine sentimita 120 kamili kutoka ya kwanza. Hiyo itakaa juu ya kipande cha ubao katikati ya mizani. Upande wa juu, sentimita 30 kutoka usawa wa egemeo, weka nondo ya tatu, na juu yake uweke ubao mnene wa mraba ambao gurudumu litasimama. Kila nondo ikae ndani ya mfuo mdogo uliochongwa ili isiteleze. Kwa mpangilio huo mizani hubeba robo ya uzito wa gurudumu: gurudumu la kilo 320 litasomeka kilo 80, na mizani ya kilo 150 itaweza kushughulikia hadi kama kilo 500 bila kubanwa.

Huenda mtu akauliza kwa nini gurudumu lisikanyage boriti moja kwa moja. Sababu ni kwamba tairi lina upana wa sentimita 15 hadi 20, na haiwezekani kujua kwa uhakika ni wapi hasa ndani ya upana huo uzito unapita, hasa magurudumu yakiwa yameinama kidogo kuelekea ndani au nje. Kosa la sentimita 1 katika sentimita 30 ni kosa la zaidi ya asilimia 3, yaani kilo 10 kwa gurudumu la kilo 320. Nondo iliyo chini ya ubao huulazimisha uzito wote upite kwenye mstari mmoja unaojulikana, hata tairi likiwa limekaa milimita kadhaa nje ya alama.

Wenzo ulazwe kukingamana na mwelekeo wa gari: egemeo likae upande wa ndani, chini ya gari, na mizani ikae nje, mahali inaposomeka bila mtu yeyote kuingiza kichwa chini ya gari.

Kabla ya kuweka gari, hakiki kifaa. Maji ni jiwe la mizani ambalo kila mtu analo: lita 1 ya maji safi ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo madumu ya lita 20 yaliyojazwa kwa kipimo sahihi, ukiongeza uzito wa dumu lenyewe, yatakuonyesha kama mizani inasema kweli. Kisha mtu wa kilo 70 asimame juu ya ubao wa gurudumu. Mizani inapaswa kuongezeka kwa kilo 17.5. Ikiongezeka kwa 17.9, uwiano wako halisi si 4 bali ni 70 kugawanya kwa 17.9, yaani 3.91, na hiyo ndiyo namba ya kutumia kuanzia hapo. Kila wenzo upate namba yake, iandikwe kwa kalamu ya wino juu ya ubao.

Kuliandaa gari

Amua kwanza gari lipimwe katika hali gani, kisha uandike hali hiyo. Gari tupu na gari lililopakiwa ni magari mawili tofauti kwa kipimo hiki. Ondoa vitu vinavyotembea ndani: vifaa, mazulia yaliyolegea, chupa za maji. Tairi la akiba likae mahali pake. Jaza upepo sawasawa, hadi presha ya juu inayoruhusiwa na tairi lenyewe, ili matairi yasibonyee kwa kiasi tofauti uzito unapohama.

Mafuta yanastahili neno la peke yake. Petroli ina uzito wa takribani kilo 0.74 kwa lita na dizeli takribani 0.84. Tangi lililojaa nusu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu gari likiinamishwa mafuta hukimbilia mbele na kujifanya kama sehemu ya gari iliyohama. Lita 20 za petroli zikihama sentimita 30, kilo 15 hivi zimesogea, na hilo peke yake huongeza karibu kilo 1.8 kwenye ekseli ya mbele ya gari lenye umbali wa mita 2.5 kati ya ekseli. Mimi huona ni bora tangi liwe karibu tupu, kisha uzito wa mafuta uongezwe kwa hesabu baadaye. Tangi lililojaa hadi shingoni huweza kuvuja kupitia tundu la hewa linapoinamishwa. Betri ya zamani yenye vifuniko vya kufungua iondolewe kwa sababu hiyohiyo, na uzito wake uongezwe kwenye hesabu.

Chagua sakafu ngumu, ya zege ikiwezekana, na uihakiki kwa pima maji au kwa mpira mwembamba wa uwazi uliojazwa maji. Wenzo pamoja na mizani huinua gurudumu sentimita 20 hivi kutoka sakafuni. Kwa hiyo magurudumu mengine yote yainuliwe kwa magogo hadi usawa uleule. Usilipuuze hili. Gari la magurudumu manne ni kama meza ya miguu minne: gurudumu moja likiwa juu ya mengine kwa sentimita 1 tu, litabeba zaidi ya haki yake pamoja na lile la pembeni mwake kimshazari, na mengine mawili yatabeba pungufu. Jumla haitabadilika, lakini mgawanyo wa kushoto na kulia kwenye kila ekseli utakuwa wa uongo.

Kupima gari likiwa tambarare

Inua gurudumu kwa jeki, sukuma wenzo chini yake, soma mizani ikiwa imebeba wenzo na ubao peke yake, kisha andika namba hiyo. Shusha gurudumu taratibu. Achia breki ya mkono, weka gia huru, likandamize gari mara mbili tatu juu ya kila kona ili springi zitulie, halafu soma. Toa uzito wa wenzo, zidisha kwa uwiano, andika. Rudia kila gurudumu mara tatu. Masomo matatu yakitofautiana kwa zaidi ya kilo 2 baada ya kuzidishwa, kuna kitu kinagusa mahali au breki haijaachia, na kitafutwe kabla ya kuendelea. Ukiwa na wenzo mmoja tu, kazi itakuwa ndefu lakini matokeo hayatapungua ubora, mradi usawa wa magurudumu mengine usibadilike.

Tuchukue mfano wa gari dogo. Mbele kushoto kilo 322, mbele kulia 306, nyuma kushoto 208, nyuma kulia 214. Jumla ni kilo 1,050: mbele 628 na nyuma 422. Umbali kati ya ekseli, uliopimwa kwa kushusha timazi kutoka katikati ya kila gurudumu hadi sakafuni, ni milimita 2,500. Upana kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya la kulia ni milimita 1,450.

Umbali wa kitovu cha uzito nyuma ya ekseli ya mbele ni uzito wa nyuma mara umbali kati ya ekseli, gawanya kwa uzito wote: 422 × 2,500 ÷ 1,050, yaani milimita 1,005. Kwa upande, kushoto kuna kilo 530 na kulia 520. Tofauti ya kilo 10, mara nusu ya upana ambayo ni 725, gawanya kwa 1,050, inatoa milimita 7 hivi kuelekea kushoto. Ikiwa upana wa mbele na wa nyuma haulingani, fanya hesabu ya kila ekseli kwa upana wake, kisha jumlisha kabla ya kugawanya.

Kimo: hapa ndipo kazi ilipo

Gari likiinuliwa nyuma, kitovu cha uzito, kwa kuwa kiko juu ya mstari unaounganisha katikati za magurudumu, huegemea mbele, na ekseli ya mbele hubeba zaidi. Kadiri kitovu kilivyo juu, ndivyo nyongeza hiyo inavyokuwa kubwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10392 kinachohusu upimaji huu kinatambua njia hii ya kuinua ekseli moja, na hakuna sababu ya mtu wa karakana ndogo kutoitumia.

Kwanza, zuia springi zisifanye kazi. Gari likiinama, springi za mbele hubonyea na za nyuma hunyooka, mwili wa gari husogea, na unachopima si tena umbo lile ulilokusudia. Njia safi ni kuondoa shokapu na kuweka mahali pake vyuma vilivyokatwa kwa urefu uleule ambao shokapu zilikuwa nao gari likiwa limesimama. Njia rahisi zaidi ni kabari za mbao ngumu kati ya mwili na ekseli, zikikazwa kwa mikanda ili springi zisiweze kubonyea wala kunyooka. Baada ya kufunga, pima tena uzito wa mbele gari likiwa tambarare, kwa sababu namba ya kulinganisha lazima itokane na gari hilohilo katika hali hiyohiyo.

Pili, weka wenzo na mizani chini ya magurudumu yote mawili ya mbele, na usiyasogeze tena hadi kazi iishe. Tunachotafuta ni tofauti kati ya masomo mawili. Kosa dogo la uwiano wa wenzo halitaumiza sana, lakini kuusogeza wenzo kati ya masomo hayo kutaumiza.

Tatu, inua nyuma. Jenga nguzo mbili za magogo ya mraba yaliyopangwa kwa kukingamana, moja kwa kila gurudumu la nyuma, juu yake ubao mpana ulio tambarare kwa pima maji. Panda kwa hatua za sentimita 10, ukiinua upande mmoja kisha mwingine, na kila hatua magogo yaifuate jeki. Kumbuka kwamba gari likiinama, umbali wa mlalo kati ya ekseli hufupika. Kwa gari letu la milimita 2,500, kuinua milimita 700 hufupisha umbali huo hadi 2,400. Magurudumu ya nyuma lazima yasogee mbele sentimita 10. Jeki iliyosimama wima isiyoweza kufuata mwendo huo itaegemea na kuanguka. Ndiyo maana nasisitiza hatua fupi, na jeki ipangwe upya katika kila hatua. Asiwepo mtu ndani ya gari, wala chini yake, wala mbele au nyuma yake. Kazi hii ni ya watu wawili au zaidi.

Nne, kabla ya kusoma, hakikisha nyuma inasimama juu ya magurudumu yake yenyewe na jeki zimeondolewa. Breki zote ziachiwe na gia iwe huru, kwa sababu breki iliyoshika husukuma gari kwa mlalo na kuharibu kipimo. Ikiwa nyuso zote nne ni tambarare, gari halitakuwa na hamu ya kubingirika licha ya kuinama, lakini usiiamini sakafu: weka kabari kubwa mbele na nyuma ya kila gurudumu, zikiachia nafasi ya unene wa kidole. Kabari inayogusa tairi wakati wa kusoma inabeba sehemu ya mzigo unaoutafuta.

Tano, pima. Chukua kimo cha katikati ya gurudumu la nyuma kutoka sakafuni, toa kimo cha katikati ya gurudumu la mbele. Tofauti hiyo ndiyo kiasi cha mwinuko. Usitumie urefu wa magogo, kwa kuwa hujumlisha makosa. Pima pia kimo cha katikati ya gurudumu kutoka pale tairi linapokanyaga. Kisha soma mizani zote mbili za mbele.

Katika mfano wetu mwinuko ni milimita 700, katikati ya gurudumu iko milimita 280 juu ya pale tairi linapokanyaga, na uzito wa mbele umepanda kutoka kilo 628 hadi 660, yaani nyongeza ya kilo 32. Kwa kanuni ya Pythagoras, umbali wa mlalo ni kipeuo cha pili cha 2,500² kutoa 700², yaani 2,400. Kimo cha kitovu cha uzito juu ya katikati za magurudumu ni nyongeza ya uzito, mara umbali kati ya ekseli, mara umbali wa mlalo, gawanya kwa uzito wote mara mwinuko:

32 × 2,500 × 2,400 ÷ (1,050 × 700) = milimita 261.

Ongeza milimita 280, na kitovu cha uzito kiko milimita 541 juu ya ardhi.

Hebu tuitazame namba hiyo kwa jicho la mashaka. Kila kilo 1 ya kosa katika ile 32 huhamisha jibu kwa milimita 8 hivi. Mizani ya daraja inayosoma kwa hatua za kilo 20 inaweza kukosea kilo 10 kila upande, yaani zaidi ya sentimita 8, na jibu la namna hiyo halimsaidii mtu. Sasa tuseme mtu ameogopa kuinua juu na akaishia milimita 200. Nyongeza ya uzito ingekuwa karibu kilo 9 tu, na kosa la kilo 1 lingekuwa na thamani ya milimita 30. Kwa hiyo kuinua zaidi, kadiri usalama unavyoruhusu, kunanunua usahihi ambao mizani ghali haiwezi kuununua. Mimi husoma katika kila hatua kuanzia milimita 300, nikakokotoa kimo kwa kila mwinuko. Majibu yakikaribiana, kipimo kimekaa sawa. Yakipanda au kushuka kwa mfuatano kadiri gari linavyoinuka, mara nyingi kuna springi isiyofungwa vizuri, mafuta yanayotembea, au bampa ya mbele iliyogusa kitu.

Kuongeza watu na mizigo kwa hesabu

Ukishapata kitovu cha gari tupu, huna haja ya kupima upya kila unapobadilisha mzigo. Zidisha kila uzito kwa umbali wake, jumlisha, gawanya kwa jumla ya uzito. Dereva wa kilo 75 aliyekaa milimita 1,300 nyuma ya ekseli ya mbele atasogeza kitovu kutoka 1,005 hadi 1,025. Mzigo wa kilo 60 uliofungwa kwenye keria, ukiwa na kitovu chake milimita 1,600 juu ya ardhi, utapandisha kimo cha gari tupu kutoka 541 hadi 598.

Milimita 57 zinaweza kuonekana ndogo, lakini zitazame kwa kipimo cha uthabiti: upana kati ya matairi, gawanya kwa mara mbili ya kimo cha kitovu. Gari letu likiwa tupu lina 1.34, likiwa na mzigo juu lina 1.21. Nchini Marekani, mamlaka ya usalama barabarani ya NHTSA ilianza kutumia uwiano huu kupanga magari kwa hatari ya kupinduka kuanzia magari ya mwaka 2001, na kwa mujibu wake magari madogo ya abiria kwa kawaida huwa kati ya 1.3 na 1.5, huku magari marefu kwenda juu, ya kazi na ya familia, yakiwa kati ya 1.0 na 1.3. Kilo 60 juu ya paa zimelitoa gari letu kundi moja na kulitia jingine, na dereva aliyezoea kona zake anapaswa kulijua hilo kabla ya safari.

Trela na vyombo vyepesi

Kwa trela la ekseli moja, pima uzito kwenye gurudumu kila upande na uzito unaokandamiza sehemu ya kuunganishia, trela likiwa tambarare kwa kimo kilekile linachovutwa nacho. Uzito wa kiungo mara umbali wake hadi ekseli, gawanya kwa uzito wote, hutoa umbali wa kitovu mbele ya ekseli. Ikiwa kiungo kinataka kuinuka badala ya kukandamiza, kitovu kiko nyuma ya ekseli, na trela hilo lisivutwe barabarani hadi mzigo upangwe upya, kwa sababu litayumba.

Chombo cha magurudumu matatu hupimwa kwa njia ileile, lakini uthabiti wake usikokotolewe kwa upana wote. Mistari ya kupinduka hutoka kwenye gurudumu la peke yake hadi kwenye kila moja ya yale mawili, kwa hiyo kadiri kitovu kinavyosogea kuelekea gurudumu moja, ndivyo upana unaokilinda unavyopungua. Kikiwa theluthi moja ya njia kutoka ekseli ya magurudumu mawili, kimebakiwa na takribani theluthi mbili za nusu ya upana.

Fremu nyepesi, mkokoteni mdogo au baiskeli ya mizigo havihitaji hata wenzo. Kining'inize kwa kamba kutoka nukta moja, shusha timazi kutoka nukta hiyohiyo, chora mstari kwa chaki, kisha kining'inize kutoka nukta nyingine na uchore tena. Mistari inapokatana ndipo kitovu kilipo. Chora na mstari wa tatu: ukipita mbali na makutano ya ile miwili ya kwanza, kuna kitu kimelegea kwenye fremu, kikazwe kisha kazi ianze upya.